Vidole Visivyovuta

Wifi yangu ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini kiwandani hakuna anayelitumia. Pale anaitwa Bado. Ukimuuliza mlinzi wa getini kama injinia wa vidole yupo, atakuuliza, "Nani, Bado?" na wala hatatabasamu, maana ameshazoea. Jina alipewa na watu wa chumba cha milango. Kila meneja alipopita na kuuliza kama mashine iko tayari, yeye alijibu neno hilohilo, skrubu mdomoni, bila hata kuinua kichwa.

Watu husema ni mkorofi. Mimi ni wifi yake, nina haki ya kusema hivyo kuliko wote, na nasema ndiyo, mkorofi, tena wa kupigiwa mfano. Lakini kuna ukorofi wa mtu anayependa ugomvi, na kuna ukorofi wa mtu asiyekubali kuambiwa kilichopinda kimenyooka. Wake ni huu wa pili, na atakayeuchanganya na ule wa kwanza mbele yangu tutakosana.

Kaka yangu ni fundi cherehani, na ndivyo mwanamke huyu alivyoingia kwetu. Alileta kitambaa kizito cha bluu ashonewe ovaroli ya kazini. Kaka akashona. Akarudi nayo: bega limekunjamana. Kaka akafumua, akashona upya. Akarudi tena. Safari iliyofuata aliigeuza nguo ndani nje juu ya meza, akamwonyesha mahali ambapo mkono ulivutwa ili ulingane na tundu lake. "Umeulazimisha," alimwambia. Kaka yangu, ambaye tangu azaliwe hajakubali kosa mbele ya mteja, alifunga duka mapema siku hiyo, akaja kumwambia mama kwamba amepata mke. Mama akauliza kama huyo mke mwenyewe ana habari. Hakuwa nayo.

Mimi ni mtunza stoo katika kiwanda hichohicho, na mimi ndiye niliyempa habari kwamba wanatafuta injinia. Sijawahi kuacha kumkumbusha. Kiwanda chetu kinatengeneza friji, lakini si zile za kuwekea maji ya kunywa na mabaki ya jana. Ni friji za dawa na chanjo, zinazokwenda zahanati na vituo vya afya. Mlango wa friji, kama hujawahi kuuangalia kwa makini, una mfereji mwembamba unaozunguka upande wa ndani, na kwenye mfereji huo hupachikwa utepe wa mpira. Mpira ndio unaoziba. Ukikaa sawasawa, ubaridi haupati njia. Ukiacha mwanya hata wa ukucha, hiyo si friji tena, ni kabati.

Zamani mipira ilipachikwa kwa mikono. Wafungaji walikuwa na vidole gumba vigumu kama visigino, na wengi wao wakifika nyumbani walishindwa kufungua hata kifuniko cha chupa. Ndiyo maana hakuna aliyelia kiwanda kilipoleta mkono wa roboti na kuwahamishia wao chumba cha ukaguzi. Mkono wenyewe ulikuja mzima ila vidole. Ndivyo inavyouzwa: mkono unainama, unageuka, unanyanyuka, lakini kwenye kiwiko cha mwisho hakuna cha kushikia. Vidole unabuni mwenyewe kulingana na kitu unachotaka kishikwe. Hiyo ndiyo kazi ya wifi yangu, na ukidhani ni kazi rahisi, jaribu kumvisha soksi mtoto anayelia.

"Wifi," aliniambia siku moja, amekaa juu ya sanduku la bawaba stooni kwangu, "chuma kina adabu. Ukikiweka hapa, unakikuta hapa. Mpira hauna adabu. Ukiushika huku, unainama kule. Ukiusukuma, unajikunja. Na roboti ni kiumbe anayeamini kwamba kila kitu kiko palepale kilipoachwa."

"Basi mpira ni kama kaka yangu," nikasema.

"Kaka yako angalau nikimwita anageuka."

Vidole vyake vya kwanza vilikuwa viwili, vya chuma, vimevalishwa plastiki laini. Vilibana ncha ya utepe kama koleo na kuuburuta kuzunguka mlango, huku kigurudumu kidogo kikifuata nyuma kuukandamiza ndani ya mfereji. Vilikwenda mbio. Kabla hujamaliza kupiga chafya ya pili mlango umekwisha, umenyooka, hauna hata kikunjo. Meneja alipoviona alipiga makofi peke yake. Meneja wetu ni mtu mmoja mwenye viatu vinavyong'aa na saa ambayo huiangalia hata unapomwambia pole ya msiba. Wahenga wamesema haraka haraka haina baraka, naye alikuwa ameshaamua kuishi bila baraka.

"Tayari?" akauliza.

"Bado," wifi yangu akajibu.

Aliniletea milango kadhaa iliyofungwa na vile vidole, akaniomba niiegemeze nyuma ya stoo, mahali ambapo mtu hawezi kuigusa. Sikumuuliza. Baadaye, tulipokuwa tumeshaisahau, mimi angalau, akaja na kurunzi na kipande cha karatasi. Tuliitazama pamoja. Kwenye kila pembe mpira ulikuwa umejitoa kidogo, umerudi ndani kama mtu anayevuta shuka usiku na kuacha miguu nje.

"Vimeuvuta," alisema. Alikaa chini kabisa, kwenye sakafu. "Wifi, ukishona lastiki kwenye sketi huku umeivuta, halafu ukaiachia, inakuwaje?"

"Inarudi."

"Na huu umerudi. Siku ya kwanza unakudanganya. Ukishapata baridi na ukazoea, unarudi kwenye urefu wake, na pembe inafunguka. Nimetengeneza mashine ya kudanganya watu."

Alivitoa vile vidole kwenye mkono siku hiyohiyo, akavitupa ndani ya sanduku chini ya meza yake. Meneja alikuja juu. Pembe ndogo kama ile, alisema, nani ataiona? Kisha akabadili sauti, akajaribu asali. "Injinia, kidole kimoja hakivunji chawa. Tushirikiane."

"Hatuvunji chawa hapa, meneja," wifi yangu akamjibu. "Tunafunga mpira."

Baada ya hapo ulifuata wakati mgumu nyumbani kwao, na nilikuwa nikipita kila Jumapili kuushuhudia kwa macho yangu. Alibuni vidole vya kunyonya kwa hewa, mpira ukajinyonganyonga na kuanguka. Akabuni vya kushika sehemu nyingi kwa pamoja, vikawa vinapigana vyenyewe. Meza ya chakula ilijaa vipande vya utepe. Ulikuwa ukiomba chumvi unapewa mpira. Kaka yangu alinung'unika, lakini alinung'unika jikoni, mlango umefungwa.

Jumapili moja jirani alikuja kuazima cherehani ashone mapazia yake mwenyewe. Akawa anakivuta kitambaa kwa nyuma ili kiende upesi, sindano ikakatika. Kaka akaruka kama ameumwa yeye. "Usivute! Mashine inajilisha yenyewe! Kazi yako ni kuongoza tu!"

Wifi yangu alikuwa amebeba kikombe cha chai. Alikiweka sakafuni, katikati ya njia, akamwondoa jirani kwenye kiti kwa bega. Akafungua kile kibati kilicho chini ya sindano na kuanza kuzungusha gurudumu polepole kwa mkono. Mnajua yale meno madogo yaliyo chini ya kitambaa? Yanapanda, yanasukuma mbele kidogo, yanashuka, yanarudi nyuma bila kugusa, yanapanda tena. Kitambaa hakivutwi hata mara moja. Kinasogezwa, kinaachiwa kipumzike, kinasogezwa. Aliyaangalia mpaka chai ikapoa na mimi nikaipiga teke.

"Naomba cherehani hii," alimwambia mumewe.

"Nina gauni la mteja humo!"

"Mume wangu, sikukuomba ruhusa."

Kaka yangu mpaka leo huwaambia watu kwamba nusu ya vidole vile ni akili yake. Wifi hukataa katakata na kusema angefika hapo hata bila yeye. Wamelumbana juu ya jambo hili kwenye harusi ya watu.

Vidole vipya vilikuwa kama mguu wa cherehani uliogeuzwa: soli ndogo yenye meno laini ya mpira mgumu, inayoukamata utepe kwa juu, inausukuma ndani ya mfereji, inauachia, inasogea, inaukamata tena. Vilianza na pembe zote nne, kisha katikati ya kila upande, kisha vilijaza palipobaki, vikibakiza ulegevu kidogo kila mahali ili mpira usiwe na deni la kurudisha. Havikuvuta hata kidogo. Ila vilikwenda polepole, kama bibi anayetunga uzi. Milango iliyofungwa navyo tuliiweka nyuma ya stoo pamoja na ile ya zamani. Hii mipya ilibaki imeziba. Ile mingine iliendelea kufunguka.

Lakini injini ndogo iliyoendesha meno ilikuwa ikipata moto na kusimama njiani, na wifi yangu hakutaka mashine ya kusimama njiani. Meneja aliuliza, yeye akajibu kama kawaida yake. Safari hii meneja hakubishana. Alitabasamu, na mimi tabasamu lile halikunipendeza.

Tulijua kinachokuja. Mwenye kiwanda, mzee mpole anayeonekana kwa nadra, alikuwa amewaalika wanunuzi waje waione roboti ikifanya kazi. Aliyewaongoza ni muuguzi mkuu, mama anayesimamia zahanati zote zinazotumia friji zetu. Meneja alishawaahidi kwamba mashine imekamilika. Kwa wifi yangu alisema wazi: siku hiyo mashine ifanye kazi mbele ya wageni, na yeye aseme ni yake na iko tayari, au atafute kazi kwingine. Kumbuka kwamba nyumba yao iliendeshwa na mshahara wake; cherehani ya kaka ni ya msimu. Nilimwambia, "Wifi, sema iko tayari, halafu umalizie kimyakimya wageni wakiondoka." Nilimwambia kwa nia njema. Aliniangalia kwa namna ambayo sitaki kuangaliwa tena.

Siku ilipofika viti vya ofisini vilipangwa kwenye chumba cha milango. Mimi niliagizwa kugawa chupa za maji. Wageni walikaa, mwenye kiwanda akakaa mbele, muuguzi mkuu pembeni yake, mkoba umekaa mapajani. Wifi aliingia na ovaroli yake ya bluu, akakaza mwendo kuelekea kwenye roboti, kisha akasimama ghafla. Nikafuata macho yake. Kwenye ncha ya mkono havikuwepo vidole vya meno. Walikuwa wamevirudisha vile viwili vya chuma, vya kuvuta, alivyovitupa ndani ya sanduku.

"Nani amegusa mkono wangu?"

Meneja alimshika kiwiko na kunong'ona, lakini nilikuwa karibu na nikasikia. "Injinia, leo kazi yako ni kusimama, kusema asante, na kukaa. Umesikia?"

Akabonyeza kitufe mwenyewe. Mkono ukainama, vidole vikabana ncha ya utepe, vikauburuta kona hadi kona, na mlango ukakamilika, mzuri, umenyooka. Makofi yakapigwa. Mwenye kiwanda alicheka kwa furaha kama aliyepata mjukuu. Meneja akanyoosha mkono. "Na huyu hapa ndiye mbunifu wa vidole hivi. Tumpigie makofi na yeye."

Wakampigia. Akangoja yaishe.

"Ni kweli," alisema. "Vidole hivi nimevibuni mimi. Na mimi ndiye niliyeving'oa kwa sababu havifai. Vimerudishwa bila mimi kuambiwa."

Meneja alicheka kile kicheko cha kuomba wengine wacheke. "Wataalamu wetu hawa, wageni wapendwa, wana wivu hata na kazi yao wenyewe."

"Wifi," alisema bila kugeuka, "niletee ile milango."

Meneja akanigeukia mimi. "Mtunza stoo. Usithubutu."

Niseme ukweli. Mimi nina mdomo mkubwa, lakini moyo wangu ni wa kuku. Trei ya chupa ilikuwa bado mikononi mwangu. Nina watoto na mimi. Lakini nilimwona mwanamke yule amesimama peke yake mbele ya viti vyote vile, hana mtu, na hasira ikanipanda kutoka sijui wapi, hasira dhidi ya viatu vile vinavyong'aa. Nikamkabidhi meneja trei ya maji. Alipokea, maskini, bila kujua anachopokea. Nikaenda stoo na kurudi nikisukuma kitoroli chenye milango.

Wafungaji wa zamani, ambao sasa ni wakaguzi, walinisaidia kuutundika mmoja, pamoja na ule uliofungwa sasa hivi, kwenye fremu za ukaguzi bila kusubiri kuamriwa. Wifi alimwomba muuguzi mkuu karatasi. Yule mama akachana ratiba ya siku ile katikati.

"Mama, anza na huu mpya. Weka karatasi kwenye pembe, funga mlango, halafu vuta."

Muuguzi mkuu akavuta. Karatasi haikutoka. Makofi mawili matatu, ya wasiojua.

"Sasa huu. Ulifungwa na vidole hivihivi, na siku ulipofungwa ulikuwa mzuri kama ule. Umekaa tu stoo, hakuna aliyeugusa."

Muuguzi mkuu akaweka karatasi kwenye pembe, akafunga, akapeleka mkono ili avute. Hakuwahi. Karatasi iliteleza yenyewe ikaanguka juu ya kiatu chake. Mwenye macho haambiwi tazama. Akaiokota, akajaribu pembe ya pili, ya tatu, na kila mara ilianguka. Nikatundika mlango uliofungwa na vidole vya meno, uliokaa stoo siku nyingi vilevile, na hapo karatasi ilichanika badala ya kutoka.

"Huu ndio ninaoutaka," wifi alisema. "Unachelewa, na mashine yake bado inasimama njiani. Nipeni muda niumalize. Ule mwingine sitausemea hata kwa kufukuzwa."

Nilidhani yamekwisha hapo. Muuguzi mkuu hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama meneja.

"Na zile friji za majaribio mlizotuletea?"

"Zile zilifungwa kwa mikono, mama," meneja akajibu, na alijibu upesi mno.

"Friji gani?" wifi akauliza. "Zilitoka lini?" Akawageukia wakaguzi. Mmoja akaangalia chini, na hilo lilikuwa jibu tosha. Meneja alikuwa ameshatoa shehena ya kwanza tangu siku zile za makofi ya peke yake, kabla vidole havijang'olewa, kwa kupitia geti la nyuma ambalo si langu. Niliona uso wa wifi yangu ukibadilika rangi. Hakupiga kelele. Alimuuliza yule mama zahanati zipi, akaambiwa, kisha akaja kwangu.

"Fungua stoo. Nataka mipira."

"Ukitoka na mpira hata mmoja getini," meneja alisema, bado ameshika trei, "usirudi."

Mwenye kiwanda akainuka. "Taratibu, jamani. Injinia, njoo ofisini kwangu kesho, tuyazungumze."

"Samahani, mzee wangu. Kesho friji zile zitakuwa zimejaa joto zaidi."

Ufunguo wa stoo huning'inia shingoni mwangu. Niliuvua, nikafungua, nikampa mabunda ya mpira hadi mikono yake ikajaa, kisha nikajaza ya kwangu. Kama ule ulikuwa wizi, basi niliiba mchana kweupe mbele ya mwenye mali, na nilipita katikati ya viti bila kuinama. Mlinzi alitufungulia geti. Alisema, "Mmemaliza mapema leo," nikamwambia, "Sana."

Kaka aliazima gari la jirani, yule wa mapazia. Njia nzima alilalamika juu ya magauni ya wateja, mpaka nikamwambia anyamaze au ashuke na tutaendesha wenyewe. Simu ya wifi iliita njiani. Nililiona jina la mwenye kiwanda kwenye kioo. Yeye pia aliliona, akairudisha simu mfukoni ikiwa bado inaita.

Zahanati ya kwanza ilikuwa jengo dogo lenye ukuta uliopakwa chokaa, na benchi nje lililojaa akina mama na watoto wachanga. Muuguzi aliyetupokea alikuwa peke yake, sare safi, macho mekundu. Tulipomwambia tumefuata friji, alijikaza kama mtu anayesubiri kofi.

"Mmekuja kunikagua tena?"

Alitupeleka chumba cha nyuma. Friji yetu ilikuwa imesimama kwenye kona, na mwanzoni sikuelewa ninachokiona. Alikuwa ameifunga bendeji. Bendeji ndefu ya hospitali, imezungushwa mwili mzima wa friji kutoka mlangoni hadi mgongoni, na kwenye pembe ya juu kitambaa kimekunjwa na kusokomezwa.

"Chanjo ziliharibika," alisema. "Wakubwa wangu wakasema niliacha mlango wazi. Nimewaambia niliufunga. Kila siku naufunga, nausukuma kwa bega, nauangalia. Hakuna anayenisikia. Wamesema mimi ni mzembe. Hao kina mama hapo nje wameambiwa watoto wao warudie chanjo kwa sababu ya uzembe wangu. Wiki hii wanaamua kama nabaki kazini." Alisema yote hayo bila kututazama, akifungua bendeji kwa uangalifu, kama anayemfungua mgonjwa.

Wifi alipiga magoti mbele ya mlango na kupitisha kidole kwenye ukingo wa mpira. Alitafuta, akakuta. Alama mbili ndogo za kubanwa, sambamba, na baada ya nafasi fulani alama mbili nyingine. Alinionyesha. Zilikuwa za vidole vyake.

Aliomba maji ya moto, akalowesha mpira mpya ulainike, akaung'oa wa zamani, na akafanya kazi kwa mikono: pembe nne kwanza, kisha katikati, kisha kujaza, akisukuma kwa gumba na kuachia, akisukuma na kuachia. Mimi niliushikilia mlango. Ilichukua muda, na watoto walilia nje na kunyamazishwa. Alipomaliza aliweka karatasi pembe zote, na karatasi haikutoka popote.

Muuguzi alijaribu mwenyewe, mara nyingi. Kisha akauliza, "Nani kawatuma?"

"Hatukutumwa," wifi akasema. "Dada, sikiliza. Hukuacha mlango wazi. Mpira ulivutwa wakati wa kupachikwa, ukarudi, pembe ikafunguka. Vidole vilivyouvuta nilivibuni mimi."

Hapo mimi nilishindwa kuvumilia. "Wifi, usijibebeshe! Wewe ulikataa! Ulisema bado, wakakuibia!"

"Nilikataa kwa mdomo," alisema. "Mikono ilikuwa imeshavitengeneza."

Muuguzi hakushukuru. Alimtazama kwa hasira iliyokaa siku nyingi bila mtu wa kupewa, na nilijiandaa kuingia kati, maana wifi ni mkorofi lakini ni wa kwetu. Badala yake alitoa simu kwenye mfuko wa sare. Alimpigia mmoja wa wale wakubwa wake. Alipopokewa alisema, "Mkuu, ni mimi, yule mzembe. Kuna mtu hapa." Akaweka sauti ya nje, akaisogeza simu mpaka karibu na mdomo wa wifi yangu.

"Rudia," alimwambia. "Kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

Wifi yangu alirudia. Alisema vidole ni vyake, mpira ulivutwa, pembe ilifunguka. "Muuguzi wako alifunga mlango," alisema. "Mlango ndio haukuziba."

Muuguzi hakuuondoa mkono wake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Tena," alisema, akaufungua mlango wa chumba kwa mguu, na safari hii wifi yangu aliyasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi la nje.